DAWA YA DENI NI KULIPA, SI KUPIGA TARUMBETA

Kila mwaka tarehe 11 Novemba, asubuhi, Rais wa Ufaransa husimama katika mji wa Paris chini ya lango kubwa liitwalo Arc de Triomphe. Chini ya lango hilo pana kaburi la askari mmoja asiyejulikana jina, aliyezikwa hapo mwaka 1921. Juu ya kaburi pana moto uliowashwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 1923, na tangu hapo huchochewa kila jioni. Tarumbeta hulia, maua huwekwa, watu hunyamaza kimya. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa zima. Wafaransa hukumbuka mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1918, na tangu sheria ya mwaka 2012 huwakumbuka wote waliokufa kwa ajili ya Ufaransa katika vita vyote.

Sisi hatuyapingi maua. Maiti ana heshima yake, awe wa kwetu au wa ugenini. Lakini karatasi hii ni ya wafanya kazi, na mfanya kazi akionyeshwa sherehe ya wakubwa, huuliza maswali matatu. La kwanza: nani aliyeitafuta siku hii? La pili: jina la nani limeandikwa, na la nani limeachwa? La tatu: je, malipo yamelipwa? Tuyajibu moja moja.

SIKUKUU HAIKUANGUKA KUTOKA MBINGUNI

Wako watu wanaodhani kwamba serikali ya Ufaransa iliamka siku moja, ikawahurumia askari wake, ikawapa sikukuu. Hapana! Vita viliisha tarehe 11 Novemba 1918, saa tano ya asubuhi. Mwaka 1919 ukapita, mwaka 1920 ukapita, na sheria ya sikukuu haipo. Mwaka 1921 Bunge likatoa sheria, lakini sheria ya ujanja. Ilisema kwamba kama tarehe 11 Novemba si Jumapili, basi sherehe isogezwe mpaka Jumapili inayofuata. Mwaka ule tarehe 11 ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo sherehe ikapelekwa tarehe 13.

Kwa nini? Kwa sababu matajiri wenye viwanda hawakutaka mashine zisimame siku moja zaidi. Watu 1,400,000 wa Ufaransa wamekufa, na hesabu ya tajiri ni ile ile: siku moja bila kazi ni hasara. Marehemu alitoa miaka yake yote iliyobaki, na wao walimnyima hata Ijumaa moja.

Askari waliorudi vitani walikuwa wamejiunga katika vyama vyao, na vyama vile vilikuwa na watu wengi sana. Walisema: haiwezekani. Wakaisusia ile Jumapili. Wakaendelea kudai mpaka tarehe 24 Oktoba 1922, Bunge likatoa sheria mpya: sikukuu ni tarehe 11 Novemba yenyewe, iangukie siku yo yote. Hivyo ndivyo ilivyopatikana. Haikutolewa kama sadaka. Ilidaiwa na watu walioungana.

Na tuongeze jambo jingine. Wengi wa wale askari wa zamani hawakutaka siku ya kujivunia bunduki. Katika vijiji vya Ufaransa, watu hukusanyika mbele ya jiwe lenye majina ya waliokufa. Jina huitwa, na watu huitikia kwamba huyu alikufa kwa ajili ya Ufaransa. Huitwa jina la pili, huitikia. Ni kama karani anavyoita majina ya kibarua asubuhi, ila hawa hawataitika tena wenyewe. Katika kijiji cha Gentioux jiwe lao lina sanamu ya mtoto yatima aliyekunja ngumi, na pameandikwa kwamba vita vilaaniwe. Maneno hayo si ya majemadari. Ni ya watu waliozika watoto wao.

DAFTARI LA MAJINA

Swali la pili ni daftari. Ninyi mnajua daftari ni kitu gani. Jina lako likikosekana katika daftari la mshahara, hata ukifanya kazi mwezi mzima, mwisho wa mwezi utarudi nyumbani mikono mitupu. Tuangalie basi daftari la wafu wa Ufaransa liliandikwa namna gani.

Mfaransa wa mwisho kuuawa katika vita vile anatajwa kuwa Augustin Trébuchon, mchunga kondoo kutoka wilaya ya Lozère, aliyekuwa tarishi wa jeshi. Aliuawa mahali paitwapo Vrigne-Meuse tarehe 11 Novemba 1918, dakika kama kumi kabla ya saa tano. Alikuwa amechukua ujumbe wa kuwaambia wenziwe mahali pa kukusanyika wapate chakula. Mapatano ya kusimamisha vita yalikuwa yametiwa sahihi tangu alfajiri. Sasa nendeni kaburini kwake msome tarehe. Imeandikwa 10 Novemba. Mtu amekufa siku ya amani, na karatasi inasema alikufa jana yake, kana kwamba ni aibu kukiri kwamba mchunga kondoo alipotezwa bure wakati wakubwa wamekwisha kukubaliana.

Wako na wengine ambao hawakuandikwa kabisa katika mawe mengi. Mwaka 1917, baada ya shambulio la mwezi wa Aprili pale Chemin des Dames lililoua watu wengi sana bila faida, askari wa vikosi vingi walikataa kwenda mbele. Hawakukimbia, wala hawakumfungulia adui njia. Walikaa katika mahandaki yao wakasema: tutalinda, lakini hatutakwenda kuchinjwa tena kwa amri ya kipumbavu, na tunataka likizo, na tunataka chakula cha kuliwa na binadamu. Ndugu, hayo madai mnayatambua? Hayo ni madai ya mgomo. Wakubwa wakatoa likizo na chakula, kumbe vilikuwapo siku zote. Lakini wengine wakafungwa kwenye vigingi wakapigwa risasi, ili wenziwe waogope. Katika vita vyote vile, zaidi ya askari 600 wa Ufaransa walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la kutotii. Ilichukua miaka mingi mpaka Waziri Mkuu Lionel Jospin aliposema hadharani pale Craonne, mwaka 1998, kwamba watu hao nao warudishwe katika kumbukumbu ya taifa. Hata hapo wako wakubwa waliokasirika.

WALIOLETWA KUTOKA NG'AMBO

Sasa tuje kwa Waafrika wenzetu. Katika vita vya 1914 mpaka 1918, Ufaransa ilichukua watu wapatao 200,000 kutoka makoloni yake ya Afrika ya Magharibi. Waliitwa Tirailleurs wa Senegali, ingawa wengi hawakuwa Wasenegali: walitoka Mali, Guinea, Volta, Dahomey na kwingineko. Wengine walijiandikisha, wengine machifu walilazimishwa kuwatoa kwa hesabu, kama watoavyo mbuzi wa kodi. Mwaka 1915 na 1916 watu wa nchi ya Volta walipigana na Wafaransa kwa sababu ya kukataa kuchukuliwa hivyo, na vijiji vyao vikachomwa moto. Kiasi cha watu 30,000 katika wale Tirailleurs hawakurudi makwao.

Na tusisahau jeshi la pili, jeshi la jembe na nyundo. Ufaransa ilileta zaidi ya wafanya kazi 200,000 kutoka Algeria, Moroko, Tunisia, Indochina, Madagaska na China, kufanya kazi katika viwanda vya baruti, bandari, mashamba na barabara. Walilazwa katika makambi yao peke yao chini ya ulinzi. Waliwekwa mbali na wafanya kazi wa Kifaransa ili wasizungumze. Vita vilipokwisha, karibu wote walirudishwa upesi kama vyombo vilivyoazimwa. Je, siku ya tarumbeta, jina lao huitwa wapi?

THIAROYE: WALIODAI MSHAHARA

Sasa swali la tatu, lililo kubwa kuliko yote: malipo.

Katika vita vya pili, mwaka 1940, Wajerumani waliwakamata askari wengi weusi wa Ufaransa. Wengine waliuawa hapo hapo kwa sababu ya rangi yao. Waliobaki walifungwa miaka minne katika makambi, wengi ndani ya Ufaransa yenyewe, kwa maana Wajerumani hawakutaka watu weusi katika nchi yao. Mwaka 1944 waliwekwa huru. Walikuwa wanadai malimbikizo ya mshahara wa miaka ile ya kifungo. Waliambiwa watapewa robo Ufaransa, na robo tatu watazikuta Dakar. Katika bandari ya Morlaix, watu wapatao 300 walikataa kupanda meli mpaka walipwe. Wenzao, zaidi ya elfu moja, waliamini ahadi wakapanda. Tarehe 21 Novemba 1944 walifika Dakar, wakapelekwa katika kambi ya Thiaroye.

Huko waliuliza: fedha zetu ziko wapi? Wakaambiwa wapande gari la moshi kwenda makwao, mambo yatatengenezwa baadaye. Ndugu wafanya kazi, ni nani kati yetu hajapata kulisikia neno hilo "baadaye"? Wakakataa kuondoka bila haki yao. Wakubwa wa jeshi wakaita jambo hilo uasi. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 kambi ilizungukwa na askari, magari ya deraya na kifaru, na watu wale wakapigwa risasi.

Walikufa wangapi? Taarifa moja ya jeshi ilisema 35. Nyingine ikasema 70. Wako wanahistoria wanaosema ni mamia. Angalieni jambo hili: serikali inayojua kuhesabu risasi zake haijui kuhesabu wafu wake. Na watu 34 katika waliosalia walishtakiwa, wakahukumiwa kifungo. Aliyedai mshahara akafanywa mhalifu, na aliyeshika mshahara akakaa kitini mwa hakimu!

Jambo hili lilifunikwa miaka mingi. Mmoja wa waliolifunua ni Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa mwenyewe askari wa Ufaransa, kisha mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille na mwanachama wa chama cha wafanya kazi. Mwaka 1988 alishiriki kutengeneza filamu juu ya Thiaroye. Mwaka 2024, miaka 80 baadaye, serikali ya Ufaransa iliwatambua watu sita wa Thiaroye kuwa walikufa kwa ajili ya Ufaransa, na Rais Macron akaandika kwa Rais wa Senegali kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Watu sita! Na hao "walikufa kwa ajili ya Ufaransa", wakati ukweli ni kwamba walikufa kwa mkono wa Ufaransa, kwa ajili ya mshahara wao. Hayo ndiyo maneno yanayostahili kuandikwa juu ya jiwe.

PENSHENI ILIYOGANDISHWA

Wako watakaosema: hayo ni mambo ya vita, hasira ilikuwa nyingi, tuyaache. Haya, tuangalie mambo ya amani, yaliyofanywa mezani kwa kalamu na wino.

Mwezi wa Desemba 1959, makoloni yalipokaribia uhuru, Bunge la Ufaransa lilitoa sheria ya kugandisha pensheni za askari wa nchi zitakazojitawala. Pensheni ya Mfaransa ilipanda kila bei za vitu zilipopanda. Ya Mwafrika ilisimama pale pale, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya mwenziwe. Mguu uliokatwa ni mguu, lakini mguu wa Bamako ulilipwa senti na mguu wa Bordeaux ukalipwa shilingi. Tarehe 11 Novemba wazee hao walialikwa wavae nishani zao wapigwe picha.

Haikuwa huruma iliyoondoa dhuluma hiyo. Sajini mmoja wa Senegali, Amadou Diop, alipeleka madai yake mahakamani. Mwaka 2001 mahakama kuu ya mambo ya serikali ya Ufaransa ikaamua kwamba ubaguzi huo haukuwa na haki. Diop alikuwa amekwisha kufa. Hata baada ya hukumu hiyo serikali ilitafuta njia ya kulipa kidogo, ikisema maisha ya Afrika ni rahisi. Mwaka 2010 Baraza la Katiba likaivunja sheria ile, na usawa kamili ukaanza mwaka 2011. Kutoka 1959 mpaka 2011 ni miaka zaidi ya 50. Katika muda huo mzee anakufa, mjane wake anakufa, na mtoto wake anazeeka. Hiyo ndiyo hesabu ya mwajiri mbaya kila mahali: akichelewesha vya kutosha, mdai atakufa na deni litapungua.

Na hata mwaka 2023 wazee waliobaki, wenye miaka tisini, walikuwa bado wanalazimishwa kukaa Ufaransa nusu ya mwaka katika vyumba vidogo, mbali na wajukuu zao, ili wasipoteze posho ya uzee. Mwaka huo ndipo walipokubaliwa kurudi kwao na posho yao, na wazee tisa wakarudi Senegali.

Yuko mzee mmoja ambaye kisa chake chatosha badala ya hotuba mia. Abdoulaye Ndiaye wa Senegali alikuwa wa mwisho aliyejulikana kubaki hai katika Tirailleurs wa vita vya kwanza. Mwaka 1998 Ufaransa iliamua kumpa nishani yake kubwa, miaka 80 baada ya vita. Siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 11 Novemba. Mzee Ndiaye alikufa tarehe 10.

WANAOIITA SIKUKUU HASARA

Msidhani ugomvi wa mwaka 1921 umekwisha. Tarehe 15 Julai 2025 Waziri Mkuu wa Ufaransa, François Bayrou, alitaka kufuta sikukuu mbili, Jumatatu ya Pasaka na tarehe 8 Mei, siku ya kukumbuka mwisho wa vita vya pili. Alisema serikali itapata zaidi ya yuro bilioni nne. Maana yake ni kwamba wafanya kazi wafanye kazi siku mbili zaidi bila mshahara kuongezwa. Vyama vya wafanya kazi vilipinga. Tarehe 8 Septemba 2025 Bunge lilimwangusha Bayrou kwa kura 364 dhidi ya 194, na aliyemfuata akaliacha shauri la kufuta sikukuu hizo.

Tena, tarehe hiyo ya 8 Mei imekwisha kuchezewa mara nyingi: iliwekwa 1953, ikaondolewa 1959, sherehe yake ikafutwa 1975, ikarudishwa 1981. Na hata leo, katika sheria ya Ufaransa siku moja tu ndiyo ya lazima kwa kila mfanya kazi kupumzika na kulipwa, nayo ni tarehe 1 Mei. Tarehe 11 Novemba mwajiri aweza kukuita kazini kama mapatano ya chama chako hayamkatazi. Basi mnaona: hata siku ya wafu hulindwa na mapatano ya walio hai.

"YATUHUSU NINI SISI?"

Mwenzetu mmoja atauliza: mambo ya Ufaransa yatuhusu nini sisi wa Mombasa, Nairobi na Kisumu? Na mwingine atasema: hiyo ni siku ya wakoloni, tuwaachie wenyewe.

Ndugu, vita vile vile vilifika hapa kwetu. Jina la Kariokor la Nairobi, na Kariakoo la Dar es Salaam, ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kiasi cha watu milioni moja walibebeshwa mizigo ya vita hivyo katika Afrika ya Mashariki, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Tarehe 11 Novemba 1918, Wafaransa wakishangilia, huku kwetu habari hazijafika, na Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25. Sanamu ya askari na mpagazi imesimama Nairobi, lakini majina yao hayamo. Gavana wa Tanganyika wa siku zile aliona makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na msitu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya nchi za Uingereza ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na waliorudi wakiwa hai walikuta nini? Kipande shingoni, na mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Kwa hiyo hatuwezi kusema hayatuhusu. Na hatuwezi kuwaachia wakubwa siku hiyo peke yao, kwa maana waliokufa hawakuwa wakubwa. Walikuwa wachunga kondoo, wakulima, wachukuzi na vibarua. Ni wafu wetu.

TUNASEMA HIVI

Tunasema ya kwamba kumbukumbu isiyo na malipo ni kelele. Anayemheshimu aliyekufa amlipe mjane wake. Anayewasha moto juu ya kaburi Paris afungue na sanduku la karatasi za Thiaroye, waliokufa wahesabiwe, waandikwe majina, na warithi wao walipwe mshahara ule uliodaiwa tarehe 1 Desemba 1944.

Na sisi wenyewe tujifunze mambo manne.

1. Sikukuu ni mali ya mfanya kazi. Isomeni sehemu ya sikukuu katika mapatano yenu na kampuni. Msiiuze kwa maneno matamu ya "hasara".

2. Tunzeni karatasi. Barua ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara, cheti cha daktari. Asiye na karatasi huandikiwa tarehe na mwingine, kama alivyoandikiwa Trébuchon.

3. Neno "baadaye" liandikwe tarehe na litiwe sahihi. Wale 300 wa Morlaix waliolitaka malipo kabla ya kupanda meli hawakuwa wakorofi. Walikuwa na akili.

4. Mwenzetu akifa kazini, akiangukiwa na mzigo au akiungua na mvuke, chama kisiishie kwenye mchango wa sanda. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 ipo. Mjane asiachwe kuifuata peke yake ofisi hata ofisi mpaka achoke. Twende naye.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni maua, wala nishani, wala dakika mbili za kunyamaza. Anyamaze mwenye deni kwa aibu, lakini mwenye kudai asinyamaze.

Umoja ni nguvu.

Ukimaliza kuisoma karatasi hii, usiitupe. Mpe mwenzako wa zamu ya usiku.